Twende Migori Tukaone Mawe Yasiyo Chokaa

Mtu wa Pwani akiambiwa afunge mizigo akatembee, mawazo yake huelekea Lamu ama Unguja, na mwenye mfuko mzito hufikiri Dubai. Akitajiwa Migori, jambo la kwanza atakalouliza ni: "Kwani kuna msiba?" Na kwa hakika hatumlaumu. Wengi wetu bara tunaijua kwa mambo matatu: kazi, biashara na mazishi ya jamaa wa rafiki. Kwenda bara kwa ajili ya kutazama tu, kama vile watu wa bara wanavyokuja kwetu kila Desemba na kujaa tele Ngome Kongwe, hilo halijawa desturi yetu.

Basi hebu msomaji tuihesabu hesabu moja. UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, sayansi na utamaduni, lina orodha ya turathi za dunia. Humo Kenya ina mahali patano pa kiutamaduni. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001, makaya ya Wamijikenda 2008, Fort Jesus 2011, na mji wa kihistoria wa Gede 2024. Hapo pote panne ni petu, na mtoto wa shule wa Malindi au Mombasa amekwisha kupelekwa angalau pawili. Pa tano, palipotiwa orodhani mwaka 2018, ndipo peke yake palipo bara, napo ni Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori. Ni wangapi kati yetu wamefika? Ni wangapi walau wamelisikia jina?

Makala haya basi ni ya mwenye siku tatu au nne za mapumziko, ambaye Lamu amekwisha kuichoka, na ambaye angependa kuona watu wengine walilifanyaje jiwe.

NJIA NA MALAZI

Kutoka Mombasa hadi Migori ni kiasi cha kilomita 850. Mwenye haraka ya kishamba atapanda basi moja kwa moja na kushuka akiwa hajui mgongo wake uko wapi. Lililo bora ni kuigawa safari: kwenda Nairobi kwa gari moshi, kulala huko, kisha asubuhi kushika njia ya Narok, Bomet na Kisii. Njia hiyo huyapita mashamba ya ngano, kisha ya chai, kisha migomba ya Kisii iliyopandwa hata kwenye miteremko ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili. Baada ya Rongo hewa hupata joto, na ukifika Awendo utaona miwa pande zote mbili za barabara, kwani ndiko kiliko kiwanda cha sukari cha Sony.

Mji wenyewe wa Migori, ambao wazee wengine bado huuita Suna, umekaa juu ya barabara kuu iendayo Isebania na kuvuka mpaka hadi Sirari, Tanzania. Ni mji wa biashara, wenye vumbi, malori na pikipiki, na anayetafuta vichochoro vya kupendeza asiutafutie huko. Lakini una faida moja isiyotajwa katika vitabu vya watalii. Kwa kuwa hapo hukutana Mjaluo, Mkuria, Mkisii, Msuba, Mluhya, Msomali na Mtanzania, Kiswahili ndicho kinachowapatanisha sokoni, na mgeni wa Pwani hapati shida ya lugha. Hata hivyo ukimwambia mzee asubuhi "oyawore", na ukishukuru kwa "erokamano", utaona uso ukifunguka.

Nyumba za wageni ni nyingi na bei zake si za kutisha. Shauri la wenyeji ni kwamba usichukue chumba kinachoelekea barabara kuu, maana malori ya mpakani hayalali. Wala usichukue kilicho juu ya baa. Uliza kwanza, uone chumba, ndipo utoe pesa. Na chandarua usikubali kukikosa. Sisi wa Pwani hujidai kwamba malaria tumeizoea, lakini kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kuliko zote nchini, na mbu wake hawajui kama wewe ni mwenyeji wa Kisauni.

THIMLICH OHINGA

Siku ya pili iwe ya Thimlich peke yake. Msafiri mwenye pupa atataka kuibana pamoja na ziwa na mbuga kwa siku moja. Atarudi na picha nyingi na hajaona kitu. Boma hilo liko kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji, na sehemu ya njia si ya lami. Kodi gari asubuhi mapema, patana na dereva kwa siku nzima pamoja na kungoja, na uchukue maji na chakula, kwani huko hakuna hoteli mlangoni. Kuhusu ada ya kuingia, uliza mapema jinsi inavyolipwa, maana siku hizi ofisi nyingi za serikali hazipokei pesa mkononi, bali kwa simu.

Jina lenyewe ni la Kijaluo. Thimlich hufasiriwa kuwa msitu mzito wa kutisha, na ohinga ni boma au ngome. Unapofika huoni mnara wala kuba. Unaona kilima chenye vichaka, na miti mirefu ya jamii ya mnyaa iliyosimama na matawi yake kama kinara cha mishumaa. Kisha katikati ya kijani hicho unaona ukuta wa mawe, halafu mwingine, halafu mwingine. Ni maboma manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na lililo kubwa kuliko yote ni Kochieng. Kuta zake zina unene wa kiasi cha mita moja, na urefu wake pengine ni kimo cha kifua cha mtu, pengine hupita mita nne.

Sasa hapa mwana wa Pwani na asimame atazame vizuri, kwa kuwa yeye ana jicho la kazi hii. Sisi tunajua nyumba ya mawe ni nini. Ni jiwe la matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuuni, na boriti za mikoko juu. Gede ilisimama kwa chokaa, na Lamu husimama kwa chokaa mpaka leo. Fundi wetu akinyimwa chokaa hawezi kuinua ukuta wa kimo cha mtu. Lakini mafundi wa Thimlich hawakutia chokaa, wala udongo, wala kitu chochote kati ya jiwe na jiwe. Hata mawe yenyewe hawakuyachonga. Waliyaokota yalivyo, makubwa na madogo, yenye pembe na yasiyo na pembe, wakayapanga.

Siri yake ni hii. Ukuta mmoja ni kuta tatu. Upo uso wa nje na upo uso wa ndani, kila mmoja umepangwa kwa mawe makubwa yaliyokubaliana, na katikati yake yametiwa mawe madogo yanayozishika pande zote mbili. Uzito wenyewe ndio gundi. Tena ukuta hauendi moja kwa moja, bali hupinda na kuzunguka, na huku kupinda huufanya ujitegemeze wenyewe. Mahali penye hatari ya kuanguka wameongeza mawe ya kuegemeza. Wataalamu wanakadiria kwamba ujenzi ulianza karne ya 16, yaani wakati ule ule Wareno walipokuwa wakiijenga Fort Jesus, iliyoanzwa mwaka 1593. Wareno waliletewa mchoro na msanifu wa Kitaliano. Waliojenga Thimlich hawakuacha jina hata moja.

Mlango wa kuingilia ni mdogo na wa chini kwa makusudi. Hupiti ila umeinama, na adui aliyeinama kichwa mbele ni adui mwenye heshima kubwa kwa mwenye rungu aliyesimama ndani. Ukishapita, utaona mashimo ya mviringo ardhini ambako nyumba zilisimama, na zizi la ng'ombe, maana boma lilikuwa la kulinda watu na mifugo pamoja. Wako waliohama na wengine wakaingia, ukoo baada ya ukoo, kila waliofika wakizitengeneza kuta walizozikuta badala ya kuzibomoa. Desturi ya kuishi katika maboma ya namna hii iliendelea kandokando ya ziwa hadi katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo msidhani ni magofu ya watu waliopotea; wajukuu wao wako hapo hapo, wanachunga ng'ombe upande wa pili wa ukuta, nao ndio watakaowasimulia zaidi kuliko kibao chochote.

Liko jambo moja huko linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba ndani ya maboma hayo waliokota, pamoja na vigae na mifupa, ushanga wa kioo. Ushanga huo haukutengenezwa huko. Siku hizo ushanga wa kioo uliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa bahari, ukitoka Bara Hindi na baadaye Ulaya, ukashushwa katika bandari za Waswahili na kupita mkono kwa mkono hadi bara. Hatujui uligeuza mikono mara ngapi kabla ya kufika shingoni mwa bibi mmoja wa Thimlich, lakini ulifika. Sisi tunaona Migori ni mbali kwa basi, na shanga zilikwenda kwa miguu.

Katika eneo zima la kusini mwa Nyanza yamehesabiwa maboma 521 ya namna hii, katika sehemu 139. Mengi yamebomoka, na Thimlich ndilo lililobaki kubwa na zima kuliko yote. Ukuta usio na chokaa una udhaifu wake: hauvunjiki, hufumuka. Mtoto akipanda juu na kuteleza, mti ukitia mzizi, ng'ombe akijikuna, jiwe moja hutoka na kumi hulifuata. Makavazi ya Taifa ya Kenya yamefanya kazi ya kuyapanga upya yaliyoanguka, lakini kazi hiyo haina mwisho. Basi tafadhali wazazi, msiwapandishe watoto juu ya ukuta ili mpige picha. Huko Gede mtoto akipanda ukuta huanguka mtoto. Thimlich huweza kuanguka ukuta pia.

CHAKULA NA SWALA

Hili ndilo swali la kwanza la wake zetu, tena ni swali la haki. Mji wa Migori una Waislamu na una msikiti, na swala ya Ijumaa haitakupita ukiwa mjini. Nje ya mji hali ni nyingine, na hapo inafaa kujua mambo mawili ambayo watu huyasahau.

Kwanza ni kibla. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini karibu sawasawa. Migori iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla chake hulala upande wa mashariki ya kaskazini, kiasi cha nyuzi 13. Si nyingi, lakini mwenye kuswali porini Thimlich kwa mazoea ya Mombasa na azijue. Pili ni saa. Jua huchwa Migori dakika ishirini na kidogo baada ya kuchwa Mombasa. Mwenye kufunga sunna ya Alhamisi na asiifuate ratiba aliyotoka nayo nyumbani, maana atafungua hali jua lingali juu ya ziwa linamtazama.

Ama chakula, neema ya kanda hii ni samaki, na samaki hahitaji kuchinjwa. Ngege wa kukaanga kisha akatiwa mchuzi wa nyanya na kitunguu, akaletwa mzima na kichwa chake pamoja na sima ya moto, ni chakula cha kumfanya mtu wa Lamu anyamaze kidogo. Liko pia sangara, ambaye huko huitwa mbuta. Samaki huyu si mwenyeji, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akawala wenyeji wake wengi. Na iko omena, dagaa wao, ya bei nafuu. Mboga zao kama osuga, ndio mnavu, na akeyo, ndio mgagani, zina uchungu, nao huzitia maziwa na kuzilaza siku moja au mbili hata uchungu ukapoa. Usiulize nazi. Hakuna, na ukieleza kwamba kwenu samaki hupikwa kwa tui watakutazama kwa huruma.

Nyama ni jambo la kuuliza. Yako maduka ya nyama na migahawa ya Waislamu mjini, na njia rahisi ya kuyajua ni kuwauliza waumini baada ya swala. Na hata samaki, uliza mafuta yamekaangiwa nini kingine. Hakuna atakayechukia, mgeni anayeuliza kwa adabu hujibiwa kwa adabu.

ZIWA NA KENDU BAY

Siku ya tatu geuza uso kuelekea Kaunti ya Homa Bay. Rudi Rongo, kisha shuka ziwani. Kwa sisi tuliozaliwa na maji ya chumvi, ziwa kubwa hivi ni jambo la ajabu: mawimbi yapo, upepo upo, mashua zipo, ila pua inangojea harufu ya chumvi na haiipati. Tazama mashua za wavuvi zenye tanga. Tanga lao ni la pembe tatu, la foromali, kama la jahazi zetu. Si sadfa. Wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili ndio waliounda majahazi katika ziwa hili karne ya 19, na wavuvi wa Kijaluo wakaliona tanga hilo, wakalichukua, wakalifanya lao. Kuoga ziwani sikushauri, kwa sababu ya kichocho.

Mwenye siku ya ziada na aingie mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe. Ni ndogo, kilomita za mraba 120, lakini kama vile Shimba Hills ya Kwale ilivyo mahali pekee Kenya penye palahala, Ruma ndiyo mahali pekee penye korongo, binamu wa palahala, nao wamebaki wachache mno. Bonde hilo lina mbung'o, na mbung'o hupenda rangi nyeusi na ya buluu. Kwa hiyo bibi mwenye buibui na afunge vioo vya gari, au siku hiyo avae jilbabu ya rangi ya udongo. Visiwa vya Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, na Mfangano penye michoro ya kale juu ya miamba, navyo ni vizuri, ila vyataka safari yake mbali, usivichomeke humu.

Mimi ningeyaacha yote hayo nikaenda Kendu Bay. Ni mji mdogo ulioishiwa na shughuli, uliokuwa bandari ya meli za ziwa na maduka ya Wahindi, na una msikiti wa kale uitwao Tawakal ambao wenyeji wanajivunia, Waislamu na wasio Waislamu. Katika kitongoji cha Kanyadhiang, karibu na hapo, ndiko alikozaliwa Hussein Onyango Obama. Kijana huyo wa Kijaluo alitoka kwao akaenda kufanya kazi, akachukuliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na inasimuliwa kwamba alipofika Unguja ndiko aliposilimu na kupata jina la Hussein. Mjukuu wake akaja kuwa Rais wa Marekani kutoka 2009 hadi 2017. Magazeti ya dunia yaliandika sana habari za mjukuu. Za babu na Unguja yetu hazikuandikwa sana.

Mwendo mfupi kutoka mjini liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, la mviringo kama sinia, maji yake ya kijani na ya magadi, hayana mto unaoingia wala unaotoka. Wataalamu wanasema ni shimo la volkano. Wenyeji wana habari nyingine. Hapo palikuwa na kijiji kiitwacho Simbi, na usiku mmoja palikuwa na ngoma na pombe. Akaja bikizee, amechoka, ana njaa, akaomba chakula na mahali pa kulala. Walevi wakamcheka na kumfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha kwake, akampa chakula na moto wa kuota. Bikizee akamwambia: chukua watu wako mwondoke usiku huu huu. Wakaondoka. Mvua ikanyesha, ardhi ikazama, na Simbi pamoja na ngoma yake ikaenda chini. Nyaima maana yake ndiyo hiyo, iliyozama. Wavuvi hawavui humo, maana hamna samaki, lakini heroe wapo, wa waridi, kwa mamia wakati mwingine, wanachuja maji hayo kwa midomo yao.

Miezi ya kwenda ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei mvua za masika hufanya njia ya Thimlich na ya Ruma kuwa matope meusi yanayoshika gurudumu kama gundi. Jioni chukua sweta, kwani Migori iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na usiku wake si wa Mombasa. Kurudi usipitie tena Kisii; kutoka Kendu Bay barabara inazunguka ghuba hadi Kisumu, na huko mabasi ya Nairobi huondoka asubuhi na jioni. Ukiondoka Kendu Bay baada ya adhuhuri, utakuwa Kisumu kabla ya maghrib. Maghrib ya huko, si ya Mombasa.